Picha za Kale Juu ya Miamba: Somo kwa Watoto Wetu

Wazee wa zamani za kale hawakutuachia vitabu. Karatasi hawakuwa nayo, wala wino, wala kalamu. Lakini mahali pengi pa Afrika walituachia maandiko ya namna nyingine, yaani picha walizozichora kwa udongo mwekundu na mweupe, au walizozichonga kwa jiwe kali, juu ya kuta za miamba. Picha hizo zimeona falme zikiinuka na falme zikianguka. Leo nyingi zinafutika, wala si kwa mvua na jua tu, bali kwa mikono ya watu. Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji wa Fizi na Baraka, hasa walimu, makatekista na wazazi, picha hizo ni nini, nani alizichora, zinaharibika kwa nini, na kwa nini mlinzi wake wa kwanza ni mtoto aliyefundishwa vema.

Pengine mtu atauliza: "Sisi watu wa kando ya ziwa, wavuvi na wakulima, na wengine wetu wachimbaji wa dhahabu huko Misisi, tuna shughuli gani na miamba ya mbali?" Shughuli tunayo. Vijana wetu wengi walizaliwa au walisoma ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wakati wa vita. Tangu mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli mpaka Baraka. Nchi ile iliyowapokea ina hazina ya picha inayojulikana ulimwenguni kote, nao wengi wamerudi bila kusikia habari zake. Tena sisi tuliokimbia mara nyingi twajua kuliko wengine jinsi kumbukumbu ya watu inavyopotea upesi. Wazee husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwamba ndio daftari la watu wa kale.

MIAMBA YA KONDOA

Mtu akivuka ziwa na kushuka Kigoma, akipanda gari la moshi kwa reli iliyofika hapo mwaka 1914, hupita Tabora na kufikia Dodoma, katikati ya Tanzania. Kutoka Dodoma barabara yaenda kaskazini mpaka mji wa Kondoa, na mbele yake kijiji cha Kolo, katika njia ya Arusha. Hapo pana ukingo wa Bonde la Ufa, ndilo bonde lile ambalo tawi lake la magharibi limebeba maji ya ziwa letu Tanganyika. Katika milima ile majabali makubwa yameinama mbele kama paa la baraza, na chini yake ukuta hukaa mkavu hata wakati wa masika. Huko ndiko watu wa kale walikochora.

Picha zilizo za zamani zaidi ni nyekundu. Wachoraji walitumia udongo wenye chuma, ule ambao mafundi seremala huuita ngeu, wakachora kwa mistari myembamba yenye ustadi mkubwa. Walichora twiga, tembo, pofu na swala, na watu warefu wembamba wenye nywele nyingi au mapambo makubwa kichwani. Mara nyingi juu ya picha hizo nyekundu hukutwa picha nyingine nyeupe, nene, zilizopakwa kwa haraka. Hizo ni za watu waliokuja baadaye, wakulima wa lugha za Kibantu. Hivyo ukuta mmoja umeandikwa na vizazi vingi, huyu juu ya yule.

Umri wa kila picha ni vigumu kuujua, lakini twajua kwamba watu walikaa chini ya majabali yale tangu kale sana. Mahali paitwapo Kisese, mchunguzi Ray Inskeep alichimba mwaka 1956, akakuta shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni, pamoja na vipande vya ngeu. Vipimo vilivyofanywa baadaye vimeonyesha kwamba baadhi ya shanga hizo zina umri wa zaidi ya miaka 40,000.

Bibi Mary Leakey, pamoja na mumewe Louis, alizitazama picha za Kondoa mwaka 1935. Mwaka 1951 alirudi, akafanya kazi miezi mitatu akinakili picha kwa karatasi ya kuonea. Alihesabu mahali 186 penye picha, akanakili picha kama 1,600. Kazi hiyo aliitoa katika kitabu mwaka 1983, na jina alilokipa lina majonzi ndani yake, kwa maana aliiita sanaa hiyo sanaa ya Afrika inayotoweka. Mwaka 2006 UNESCO iliandika eneo la picha za Kondoa, lenye kilometa za mraba 2,336, katika orodha ya urithi wa dunia.

PADRE, MWALIMU NA WATOTO WANNE

Elimu ya kuchunguza picha za namna hii ilipata nguvu kwanza Ulaya, na mmoja wa walimu wake wakubwa alikuwa padre Mkatoliki. Jina lake Henri Breuil, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1877 na kupewa daraja la upadre mwaka 1900. Mwezi wa Septemba mwaka 1901 yeye na wenzake wawili walizitambulisha picha za mapango mawili ya Ufaransa, Les Combarelles na Font-de-Gaume. Mmoja wa wenzake hao, Denis Peyrony, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Padre Breuil aliishi mpaka mwaka 1961, akitambaa mapangoni na taa yake, akinakili picha za watu wa kale. Hata Kongo yetu haikuachwa: mwaka 1952 ilitolewa huko Tervuren, Ubelgiji, kazi yake juu ya michoro iliyochongwa katika pango la Kiantapo, nchi ya Katanga.

Lakini habari ifaayo zaidi kwa walimu ni ya pango la Lascaux. Tarehe 12 Septemba 1940, wakati wa vita kuu, vijana wanne wa Ufaransa waliingia katika shimo msituni, wakakuta kuta zimejaa farasi, ng'ombe na kulungu waliochorwa yapata miaka 17,000 au zaidi iliyopita. Walimwendea nani? Walimwendea mwalimu wao, Léon Laval. Naye mwalimu akahimiza pango lilindwe, na siku chache baadaye Padre Breuil akafika kulitazama. Mmoja wa vijana wale, Jacques Marsal, alipiga hema mlangoni ili kulilinda. Aliendelea kuwa mtunzaji na kiongozi wa pango lile karibu maisha yake yote, mpaka alipofariki mwaka 1989.

Je, pango lilisalimika? Mwaka 1948 lilifunguliwa kwa watazamaji. Watu wakaja kwa maelfu, na pumzi yao na joto la miili yao vikaanza kuziua picha. Ukungu wa kijani ukaota ukutani. Mwaka 1963 serikali ya Ufaransa ikalifunga. Kumbe hata mtu anayependa picha aweza kuziharibu kwa wingi wa kuzitazama. Mapenzi bila mafunzo hayatoshi.

NANI ALIYECHORA?

Padre Breuil alikuwa mwenye elimu kubwa, lakini hata mwenye elimu hupotoka akiwa na wazo tayari kabla ya kutazama. Katika mlima Brandberg, nchi ya Namibia, mna picha ya mtu anayetembea, mwili wake umepakwa nyeupe sehemu fulani. Padre Breuil alisema kuwa ni mwanamke mzungu, mgeni kutoka nchi za bahari ya Mediterania, na mwaka 1955 kikatolewa kitabu chake kiitwacho kwa jina la Bibi Mweupe. Wachunguzi waliofuata walitazama tena kwa uangalifu. Si mwanamke, wala si mzungu. Ni mwanamume wa Afrika, aliyechorwa na Waafrika, na weupe ule ni rangi tu ya pambo.

Hilo ni jambo la kuwaambia watoto waziwazi. Kwa miaka mingi kila lilipoonekana jambo zuri la kale katika Afrika, watu walitafuta mgeni wa kumpa sifa. Picha za Kondoa hazikuchorwa na mgeni. Wachunguzi wengi huzihusisha zile nyekundu na mababu wa Wasandawe na Wahadza, makabila madogo ya uwindaji na kukusanya asali na matunda. Eric ten Raa, aliyekaa kwa Wasandawe katika miaka ya 1960, alikuta kwamba kumbukumbu ya kuchora miambani ilikuwa bado hai kati yao.

Huko Uganda, katika miamba ya Nyero karibu na Kumi, na katika kisiwa cha Mfangano upande wa Kenya wa ziwa Viktoria, picha ni za namna nyingine: miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine. Wachunguzi huzihusisha na watu wa kale wa uwindaji, jamaa za Watwa. Basi, ndugu wasomaji, tujipime hapa. Katika nchi ya Fizi na milima ya Itombwe tunakaa na Wambuti, na mara nyingi watoto wetu huwacheka shuleni na sokoni, wakiwaona kama watu wasio na historia. Mtoto akifahamu kwamba jamaa za watu wa namna hiyo walichora miambani kabla ya mababu zetu kufika na majembe yao, atapata wapi kicheko? Somo la picha za kale ni somo la kumheshimu jirani pia.

JIWE HALIHAMISHWI

Vinyago na sanamu za Wabembe zimekwenda mbali. Nyingine ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, kama lile la Tervuren. Ni hasara kwetu, lakini angalau zimo ndani ya nyumba, zina paa na mlinzi. Picha ya mwamba haina nafasi hiyo. Jiwe halihamishwi. Ukilikata, umeua picha; ukiliacha, linabaki porini mchana na usiku bila mlango.

Maadui zake ni wengi. Kwanza ni maji yatiririkayo, jua, na nyigu wajengao viota vya udongo ukutani. Kisha mifugo inayojisugua, na moshi wa mioto ya watu waliojisitiri mvua. Kisha wageni wanaoandika majina yao juu ya picha kwa mkaa au kwa kisu. Wengine humwagia picha maji ili rangi ing'ae na kamera ione vizuri. Wanaona wamefanya jambo dogo, kumbe maji yale huvuta chumvi ya jiwe mpaka nje, nayo chumvi huifunika picha kama utando. Huko Kolo watu wamechimba chini ya majabali wakitafuta mali ambayo yasemekana Wajerumani waliificha wakati wa vita. Mali hiyo haikuonekana, lakini udongo wenye habari za watu wa kale umevurugwa. Sisi tuliozoea mashimo ya dhahabu hatuna budi kulitafakari jambo hilo, kwa maana kijana wa Misisi akikuta pango lenye michoro, wazo lake la kwanza laweza kuwa sururu.

Hapa Kongo yetu, katika mkoa wa Kongo ya Kati, mna milima ya mawe ya chokaa iitwayo Lovo. Geoffroy Heimlich na wenzake wamehesabu huko zaidi ya mahali mia penye picha na michongo. Mawe yale yale ya chokaa hutakiwa kwa kutengeneza simenti, na baruti haitambui picha.

Je, uzio utafaa? Huko Kondoa Idara ya Mambo ya Kale iliwahi kuzungushia baadhi ya mapango nguzo na waya. Watu wakachukua waya na mbao kwa kazi zao. Uzio uliojengwa mbele ya watu wasioelewa sababu yake ni bidhaa ya bure. Sheria nayo ni hivyo hivyo. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, lakini askari wa kusimama mbele ya kila jabali hatapatikana kamwe. Hubaki mlinzi mmoja tu, yule anayekaa karibu, anayepita na mbuzi wake, anayekwenda kuni, na watoto wake.

Wakristu wa Fizi na Baraka twajua uzito wa mahali. Tarehe 28 Novemba 1964 Padre Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na Padre Giovanni Didonè pamoja na Padre Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri huko Uvira. Kwa miaka sitini habari yao haikutunzwa na majumba makubwa, bali na watu waliowaambia watoto wao: "Ni hapa." Picha za miambani nazo hutunzwa kwa neno hilo hilo.

JE, MKRISTU AFUNDISHE MAMBO HAYA?

Wako watu wema wanaoogopa. Husema kwamba picha hizo zilichorwa kwa matambiko, na mwalimu Mkristu asizisifu. Tusiwadharau, neno lao lataka jibu. Ni kweli kwamba nyingi za picha hizo yaelekea zilihusika na dini ya watu wa kale. Hata leo katika pango la Mungumi wa Kolo wako wazee Warangi wanaofanya maombi ya mvua na uponyaji.

Lakini tumwangalie Mtume Paulo alipofika Athene. Mji ule ulijaa sanamu, naye roho ilimchoma. Hakushika nyundo. Alitembea, akazitazama kwa makini sanamu zao na madhabahu zao, hata akasoma maandishi yao, na kutoka hapo akapata mwanzo wa mahubiri yake. Asingalisoma, angalihubiri nini? Kufundisha kwamba wazee walichora na kuomba si kuwafundisha watoto kuomba hivyo. Ni kuwafundisha kwamba binadamu tangu kale alijua kwamba haishi kwa nyama ya mawindo tu, na kwamba alimtafuta aliye mkuu kuliko yeye.

Iko hatari nyingine. Pombe inayonyunyizwa ukutani wakati wa maombi huziharibu picha, na kwa sababu hiyo walinzi na wazee wamegongana. Mimi naona kuwafukuza wazee kwa kufuli si dawa. Mtu akiambiwa kwamba mahali pa babu zake si pake tena, ataacha kupalinda, na siku mwizi akija hatapiga kelele. Afadhali kukaa na wazee, kuwaonyesha madhara, na kupatana nao kwamba pombe isifike ukutani. Mwenye mali akiheshimiwa huwa mlinzi.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Mwalimu wa Fizi hana njia ya kuwapeleka watoto Kondoa. Hata hivyo somo laweza kufundishwa chini ya mwembe, bila fedha.

Kwanza, waleteni watoto udongo wa rangi mbalimbali kutoka kijijini, mwekundu, mweupe, wa njano, pamoja na mkaa. Wasage, wachanganye na maji, wachore juu ya mawe madogo ya mtoni, kamwe si juu ya jabali. Wataona kwa mikono yao kwamba kazi ya wazee haikuwa mchezo.

Pili, wafundisheni kutenga jambo linaloonekana na jambo linalodhaniwa. Huko Kolo mna picha ya watu watano, na wa katikati ameshikwa mikono huku na huku. Bibi Leakey aliona mwanamke anayenyang'aniwa na makundi mawili ya watu. Wengine wameona ngoma ya uponyaji. Picha ni ile ile. Mtoto aandike upande mmoja "Naona", na upande wa pili "Nadhani". Akijua tofauti hiyo, itamfaa hata mbele ya uvumi wa sokoni.

Tatu, chukueni mawe mawili yaliyochorwa. Moja liwekwe pakavu lisiguswe. La pili lisuguliwe kwa vidole na kumwagiwa maji kila siku. Baada ya mwezi mmoja yawekwe pamoja mbele ya darasa. Mwalimu hatakuwa na haja ya kusema mengi.

Nne, kila mtoto amwendee bibi au babu, aulize majina ya vilima, mito, mapango na makaburi ya zamani, na habari za kila jina, aziandike katika daftari moja la darasa. Daftari hilo liandikwe mara mbili, moja shuleni, moja parokiani, ili moto ukilila moja, la pili libaki.

Tano, watoto wajue la kufanya kama siku moja wakiona mchoro wa kale. Wasiguse, wasimwagie maji, wasichimbe, wasiokote kitu chini yake. Wakumbuke mahali, wamwendee mwalimu, naye ampashe habari mkuu wa kijiji na ofisi ya serikali. Hivyo ndivyo walivyofanya vijana wa Lascaux, nao hawakuwa wataalamu.

Kongo yetu ina maeneo matano katika orodha ya urithi wa dunia, yaliyoandikwa kati ya mwaka 1979 na 1996: Virunga, Kahuzi-Biega, Garamba, Salonga na mbuga ya okapi. Yote matano ni misitu na wanyama. Ni fahari kubwa. Lakini kazi ya mikono ya wazee wetu nayo yafaa ihesabiwe. Haitahesabiwa na wageni ikiwa wenyewe hatuijui, wala haitangoja mpaka sisi tumalize vita na njaa. Basi, walimu na wazazi, tuanze na yaliyo karibu: udongo, jiwe dogo, daftari, na swali la mtoto kwa babu yake. Babu leo yupo.